Taa Isikae Juu ya Kamera

Katika kitivo chetu, orodha ya vifaa vya uwandani huanza na kinasa sauti na kuishia hapo hapo. Picha tunaachiwa simu. Mimi nasema picha ya msimulizi ni data kama toni ilivyo data. Kule Kashebere, Masisi inapopakana na Walikale na Kihunde kinapokutana na Kinyanga, jambo hili haliwezi kungoja: vita vinahamisha watu, na wazee wanaojua kusimulia wanahama nao.

Utendi wa Mwindo mnaujua. Shekarisi Rureke aliusimulia kwa Kinyanga mwaka 1956 mbele ya Daniel Biebuyck, akiimba, akicheza na kuigiza. Biebuyck na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969. Sisi tunasoma maneno. Mikono ya Rureke tunaikisia tu.

Nyumba nyingi wanamosimulia zina mlango mmoja na dirisha dogo. Flashi iliyobandikwa juu ya kamera hupiga uso kwa mbele na kuufuta: paji linang'aa, mashavu yanakuwa bapa. Ukiiweka pembeni, midomo na vidole vinapata umbo. (Goma, ukiomba flashi dukani, huenda ukapewa ya kuhifadhia mafaili. Wanasemantiki washughulike na hilo.)

Ninatumia renjifainda ya dijitali ya kuazima, Leica M8, iliyotoka mwaka 2006. Wenzangu huicheka kwa sababu fokasi yake ni ya mkono. Lakini kitafutio chake kiko kando ya lenzi, hakizibwi na kioo picha inapopigwa, kwa hiyo naona mkono ulivyokuwa flashi ilipowaka. Kamera ya kioo hukuficha nukta hiyo hasa.

Wala flashi ghali ya kujipimia haihitajiki. Kitumaji cha redio cha bei nafuu kinahitaji ncha ya katikati tu pale flashi inapochomekwa. Flashi yenye namba ya mwongozo 32, kwa mita na ISO 100, ukiishusha hadi 1/16 inakuwa 8. Kwa ISO 400 inakuwa 16. Ikiwa mita mbili kutoka kwa msimulizi, unaweka f/8. Hesabu imekwisha hata nikisogea, maana kinachohesabiwa ni umbali wa flashi na uso, si wa kamera. Shata tu isizidi 1/250, la sivyo pazia litakata picha.

Mhadhiri mmoja huniambia taa inavunja hadithi. Nusu ya hoja yake naikubali: flashi ikijichaji hutoa mluzi mwembamba, nasi tunaochambua sauti hatuutaki, basi ikae mbali na kinasa sauti. Na usiku sipigi kabisa. Penye watu wenye silaha, mwako wa ghafla gizani unaweza kueleweka vibaya, na atakayelipia si mimi ninayerudi mjini. Napiga mchana, ndani, kwa ruhusa, baada ya kuwasha flashi mara moja mzee akiona na kumwonyesha picha iliyotoka. Akikataa, hakuna picha.

Idara, kabla ya kufikiria kamera mpya, inunue flashi mbili za kurekebishwa kwa mkono, vitumaji vyake, paneli ndogo ya jua, na betri za AA za kuchaji, nne kwa kila flashi.