Kila Kitu na Mahali Pake

Mtu mzima aingiapo mahali alalapo mtoto, akakuta mipira ya majani ya migomba, vigari vya waya, wanasesere na vizibo vya chupa vimetapakaa sakafuni, neno la kwanza limtokalo huwa amri: "Panga vitu vyako!" Mtoto hubaki akitazama. Wengi huona kwamba huo ni uvivu au ukaidi. Sisi twadai kuwa mara nyingi kasoro imo katika sentensi yenyewe, na kwamba mwalimu wa Kiswahili ana wajibu wa kuitambua.

Kasoro ya kwanza imo katika neno "vitu". Neno hili hukusanya kila kilichopo na kukitia katika ngeli moja ya KI-VI, wala halimwonyeshi mtoto pa kuanzia. Vichezeo na vitajwe kwa majina yake: mpira uokotwe, kamba ikunjwe, kigari kisukumwe kando, makopo yapangwe, mwanasesere alazwe. Katika sentensi hiyo moja mtoto amesikia ngeli tano. Tena amesikia kuwa mwanasesere, ijapokuwa hana uhai, huchukua upatanisho wa A-WA. Hata hivyo, tusiwachanganye watoto kwa kudai kuwa kila ngeli ina kikapu chake. Mpira na kamba huweza kukaa kikapu kimoja, na kila jina likabaki na upatanisho wake.

Kasoro ya pili ni kutotaja mahali. Kiswahili kina viambishi vitatu vya kazi hii: mpira *uko* nje, *upo* rafuni, *umo* kikapuni. Kwa mwanachuo wa Uganda jambo hili si geni kabisa, kwani Mganda husema *ku mmeza* na *mu kisero*. Lakini tahadhari yahitajika: *ku* ya Kiganda huonyesha juu ya kitu, ilhali *ku* ya Kiswahili huonyesha mahali kusikodhihirika. Tena, mtoto asiyetengewa mahali hawezi kulaumiwa kwa kutoparudishia kitu. Watoto wengi hulala chumba kimoja na ndugu zao. Boksi moja chini ya kitanda latosha, alimradi lijulikane kuwa ni lake.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa zaidi: wazazi na walimu hupenda kitenzi "panga" na kuchukia "pangua". Kauli ya kutendua haikuwekwa katika lugha bure. Tunafunga ili tufungue, tunakunja ili tukunjue. Kucheza ni kupangua; anayemkataza mtoto kupangua amemkataza kucheza. Kinachofaa ni kuweka wakati wa kila kitenzi: mchana apangue, kabla ya kulala apange. Wakati huo ukifika, "tupange" hufaa kuliko "panga", kwa kuwa dhamira tegemezi ya nafsi ya kwanza wingi humweka mtu mzima ndani ya kazi badala ya kumsimamisha mlangoni.

Wapo watakaosema kuwa nidhamu haijengwi kwa sarufi, na kwamba waya wenye ncha kali hausubiri majadiliano. Kuhusu waya tunakubali: kilicho hatari kiondolewe mara moja. Lakini vizibo vya chupa ambavyo mtu mzima huvifagia akiviita takataka huenda kwa mtoto ni ng'ombe wa zizi zima, na kwake hupatanishwa kwa A-WA: wamelala, wamekunywa maji. Kuvitupa bila kuuliza ni kufuta sentensi aliyoitunga mwenyewe.

Kwa hiyo, walimu watarajiwa, kabla hamjashika ufagio ulizeni: "Hiki ni nini?" Mtoto akishataja jina, msaidieni kupata mahali. Kupanga kutafuata, na sarufi itakuwa imefundishwa pasipo ubao.