Tusihesabu watu tu, tuhesabu na mashamba

Kila mara mradi mupya unafika, swali la kwanza kwa koperative ni hili: «Muko wanamemba wangapi?» Tunatoa liste, inaenda Bukavu, kiisha inarudi na mbegu za namna moja kwa wote. Naona swali lile halitoshi.

Muangalie Kivu tu. Kabare na Walungu mashamba ni mengi lakini madogo sana. Jamaa moja iko na vipande vitatu, vine, kila kimoja na kilima chake, migomba na maharagi na muhogo vimechanganyika. Ukishuka bonde la Ruzizi ni tambarare, mupunga na mahindi. Masisi, ferme za ng'ombe zimeshika vilima vizima, na mulimaji mudogo amebanwa kando. Ukiandika «mulimaji mumoja» pande zote hizo, umesema nini?

Na hesabu za zamani hazitusaidii. Watu wa inchi yetu walihesabiwa mara ya mwisho mwaka 1984! Tangu 2001 ugonjwa wa kunyauka umeingia katika migomba, ukianzia Masisi. Shamba lililoandikwa «migomba», leo pengine ni muhogo.

Lakini tofauti inayonisumbua zaidi haionekani kwa macho. Hapa Bushi, mwenye kalinzi ana haki ya kudumu, anapanda kahawa na miti. Mwenye bwasa amekodi kwa muda tu, na desturi haimuruhusu kupanda kitu cha kudumu. Sasa mukimupa mama wa bwasa miche ya kahawa, ataipanda wapi? Ataiuza. Kiisha raporti itaandika kwamba hakufuata mashauri. Kumbe yeye alihitaji maharagi, soya, mboga, vitu vya kuvuna mbele shamba halijarudishwa.

Kwa hiyo kila koperative iwe na daftari yake: vipande vingapi, ukubwa wake (kamba ya metre 50 inatosha), kinachopandwa msimu A na msimu B, na kama shamba ni kalinzi ama bwasa. Wengine wataogopa, juu mwenye udongo akisikia anaweza kukasirika. Wana haki ya kuogopa. Majina yabaki kwa komite, nje ziende hesabu tu.

Msimu A unaanza mwezi wa tisa. Kazi hii ifanyike mbele ya hapo, na wamama wenye bwasa waulizwe wao wenyewe, si mabwana zao.