TUUPIME MLIMA KABLA HAUJATUPIMA

Tumezoea kuiona ardhi kuwa kitu imara kisichohama. Kwenye volkano sivyo ilivyo. Magma, yaani miamba iliyoyeyuka, inapojikusanya chini, ardhi huvimba. Inapohamia pengine, ardhi hubonyea. Mara nyingi mabadiliko hayo ni ya sentimita chache, na jicho haliyaoni. Ndiyo maana hupimwa kwa vipokezi vya setilaiti vilivyosimikwa mwambani, na kwa picha za rada zinazolinganishwa.

Faida ya kazi hiyo ilidhihirika Goma, nchini Kongo. Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei, 2021, vipimo havikuwa vimetoa onyo lililo wazi. Lakini siku zilizofuata vilionyesha kwamba magma imejipenyeza chini ya mji wenyewe, hata chini ya Ziwa Kivu. Tarehe 27 Mei wakazi wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuhama. Magma haikutokeza mjini. Hata hivyo, atakayesema kwamba watu walisumbuliwa bure hajaelewa maana ya kipimo. Kipimo humpa kiongozi msingi wa kuamua. Hakimpi uganga wa kutabiri.

Somo hilo latuhusu, kwani Oldoinyo Lengai nao umo katika Bonde la Ufa, tawi la mashariki. Julai 2007 matetemeko yalifuatana karibu na mlima Gelai, na picha za rada zikaonyesha jinsi magma ilivyoipasua ardhi. Septemba Lengai ukalipuka kwa nguvu. Maelezo ya kitaalamu yalitoka baadaye katika majarida ya ng'ambo, kwa lugha asiyoisoma mfugaji wa Engare Sero.

Tangu 2016 vipokezi vimesimikwa Lengai kwa ushirikiano wa wataalamu wetu na wa nje. Hilo ni jema, lakini halitoshi. Kabla ya mlipuko wa 2021, kituo cha uchunguzi cha Goma kilikaa miezi kadhaa bila fedha za mawasiliano, msaada wa nje ulipokwisha. Anayetegemea macho ya kuazima hufumbwa macho siku mwenyewe akiyataka.

Basi yatupasa gharama za kuvitunza vyombo hivyo ziwemo katika bajeti yetu. Watumishi wa wilaya wajue mapema nani hupokea taarifa na nani hutoa amri. Walimu nao wawafundishe watoto kwa Kiswahili kwa nini mlima huvimba. Takwimu isiyomfikia mwananchi haimwokoi.