Hatari! imeachwa wapi?

Mwandishi, makala yako kuhusu filamu nimeipenda, lakini umeruka kutoka filamu za John Ford moja kwa moja hadi kwenye matukio yanayotengenezwa kwa kompyuta bila kuigusa filamu ya Hatari! ya mwongozaji Howard Hawks, ya mwaka 1962. Ilipigwa hapa hapa kwetu, Tanganyika, upande wa Arusha. Kutoka huku Singida unapita Katesh na Babati, umefika.

Hawks aliwataka waigizaji wenyewe wawakimbize wanyama. Hebu tazama faru anavyofukuzwa: John Wayne kakaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, mkononi kashika mti mrefu wenye kitanzi. Faru anageuka, anapiga pembe kwenye bodi ya gari, vumbi linatimka. Nani angejua mnyama atakata kona wapi? Mpigapicha Russell Harlan ilimbidi alifuate tukio, si kulipanga. Kazi ile ilimfanya awanie Oscar, na alistahili. Haya matukio ya kompyuta hayajawahi kunishtua hivyo.

Ndugu yangu, tuandikie basi kuhusu Watanganyika wanaoonekana mle wakivuta kamba na kuwadhibiti wanyama. Wayne tunamjua. Wao je?