Kipini kipya: adui si maji ya udhu
Mama mmoja alimleta bintiye zahanati, pua imevimba na usaha unatoka. Alimkataza kupandisha maji puani wakati wa udhu, huku akimpaka dawa ya meno na kukizungusha kipini kila asubuhi kwa vidole! Mama zangu, kumnyima mtoto sunna hiyo hakukuwa na haja. Maji safi hayadhuru, vidole vichafu ndivyo vinavyodhuru. Naweni kwa sabuni, kisha msafishe mara mbili kwa siku: robo kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Spiriti huunguza nyama changa. Kidonda huchukua miezi kupona ndani, hata kama nje pamekauka. Usaha ukitoka msikichomoe kipini, tundu litaziba na usaha ubaki ndani. Mleteni kwa tabibu siku hiyohiyo.