Kambi bila choo si shida, shida ni sisi

Wasee, wacha niseme ukweli. Wikendi tulipiga kambi kwa msitu wa Aberdare, upande wa Gatanga, kando ya kijito. Hakuna stima, hakuna choo, hakuna netiwaki. Baridi ya kukata, moto wa kuni, na sauti ya maji usiku kucha. Niliipenda vibaya.

Asubuhi nikachukua sufuria ya ugali na sabuni, nikaingia nayo mtoni. Mzee aliyekuwa akipitisha ng'ombe akasimama. "Kijana, unatoka Nairobi? Basi hayo ni maji yako unachafua."

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Bwawa la Ndakaini, linalotupatia maji mengi ya Nairobi, linajazwa na mito ya huko huko Aberdare.

Beshte yangu anasema dawa ni kujenga vyoo na mkahawa. Mimi nakataa. Ukijenga hivyo, bei inapanda na sisi wa mfuko mwepesi tunafungiwa nje. Lakini kama tunataka pabaki hivyo, tujipange. Chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka kwa maji, kisha ulifukie. Vyombo osha mbali na mto. Takataka zako rudi nazo, hadi ganda la yai. Moto umwagie maji mpaka majivu yapoe.

Kama kubeba jembe dogo ni kazi, baki tu nyumbani. Maji yatakufikia huko kwa mfereji. Swali ni yatafika yakiwa aje.