Mwogeleaji na Marathoni

Wako wasemao ya kuwa mwanafunzi aliyezoea mashindano ya kuogelea, akitaka kukimbia marathoni, yaani kilomita 42.195, hana budi kuweka vitabu kando. Wanapotosha vijana. Moyo na mapafu yake vimekwisha kuzoezwa majini. Vilivyobaki ni mifupa na kano, maana maji yalimbebea uzito wa mwili, na barabara haimbebei mtu. Viungo hivyo hukomaa polepole, kwa miezi mingi. Kumkimbiza asubuhi na jioni ni kumvunja. Basi haja ya kumnyima saa za kusoma ni ipi? Roger Bannister, aliyekimbia maili chini ya dakika nne mwaka 1954, alikuwa akisomea udaktari, akifanya mazoezi saa ya chakula cha mchana. Maili si marathoni, najua. Lakini udaktari nao si mchezo.